Pointi za semina hazikagui miguu
JICHO LA ZAMU, na Mwanakombo Hamisi

Kwenye kliniki nyingi za sukari utaratibu unafanana. Wagonjwa hufika asubuhi na mapema bila kula, hupanga foleni, huchomwa kidole, huandikiwa namba kwenye daftari na kutoka na metformini ile ile ya mwezi uliopita. Viatu havijavuliwa.

Na miguuni ndiko balaa linakoanzia. Sukari iliyokaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, mtu akakanyaga msumari bila kuhisi akaendelea na safari zake. Kuligundua tatizo hili mapema hakuhitaji mashine. Kuna uzi wa plastiki unaojikunja ukibanwa kwa nguvu ya gramu 10. Mgonjwa hufumba macho, uzi hugusishwa nyayoni, naye husema kama amehisi. Dakika chache tu.

Tanzania ina historia nzuri katika jambo hili, ingawa haijisifu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Profesa Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake wa Ulaya na India walianzisha mradi wa kutunza miguu ya wenye kisukari, Step by Step, kwa ufadhili wa World Diabetes Foundation. Kila kituo kilitoa watu wawili, daktari na muuguzi. Walifundishwa pamoja, wakarudi kazini na vifaa mkononi, kisha wakaitwa tena kwa kozi ya juu baada ya kuonja kazi yenyewe. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2011 ilionyesha kwamba wagonjwa wanaokatwa miguu walipungua.

Kumwita muuguzi lilikuwa wazo la busara kuliko linavyoonekana. Daktari akihamishwa, ujuzi haumfuati wote kwenye gari.

Siku hizi elimu endelevu inahesabiwa kwa pointi. Kenya, daktari anatakiwa kukusanya pointi 50 kwa mwaka ili leseni yake ihuishwe, na Tanzania nayo inadai mafunzo hayo. Ni haki kabisa, kwa sababu tiba ya kisukari imegeuka mno. Mwaka 2015 utafiti wa empagliflozini ulionyesha kuwa dawa ya sukari inaweza kupunguza vifo vya moyo. Mwaka 2016 Marekani ililegeza masharti ya metformini kwa wenye figo zilizodhoofika kiasi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka empagliflozini na jamaa zake kwenye orodha ya dawa muhimu, na mwaka 2025 ikafuata semaglutidi. Aliyehitimu mwaka 2010 hakuyasikia haya darasani.

Ila pointi hutolewa kwa kuhudhuria. Slaidi zinapita, chai inanyweka, cheti kinatoka. Semina iliyodhaminiwa na muuza dawa haikosi muda wa kuisifu dawa hiyo, hata kama zahanati ya msikilizaji haijawahi kuiona. Uzi wa plastiki hauna mdhamini. Tena anayebaki kijijini wakati wa semina ni tabibu wa kituo cha afya, na ndiye anayeonana na mgonjwa kwanza.

Mabaraza yanayosimamia taaluma hizi yangeweza kuanza na hatua ndogo: sehemu ya pointi za kisukari itokane na kazi ya kliniki. Miguu mingapi ilikaguliwa? Wagonjwa wangapi walipimwa mkojo kuona kama figo zinavujisha protini? Matabibu na wauguzi wapate pointi hizo hizo, wakiwa kituoni kwao, kwa mkufunzi kuwafuata au kwa kujadili wagonjwa wao kwa video na bingwa wa hospitali ya rufaa.

Wapo watakaosema daftari linaweza kupikwa. Linaweza, sawa na orodha ya mahudhurio ya semina. Tofauti ni kwamba msimamizi wa wilaya anaweza kuchagua majina matano ya wagonjwa na kuwauliza wenyewe.