Maongezi ya Wapenzi wa Muziki Yachapwe Vile Yalisemwa

Mu mikutano yetu ya utamaduni kuna neno moja linalonichokesha: "Ile ni maongezi ya wazee tu, haiwezi kuwa kitabu." Wanaolisema ni watu wa diploma, watu waliosoma kama siye. Mimi ninalikataa.

Tuangalie gitare ya Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimukuta Mwenda Jean-Bosco kule Jadotville, leo Likasi, akarekodi "Masanga", na wimbo ukatembea dunia. Mu 1961 na 1962 David Rycroft akaandika mu gazeti African Music juu ya namna Mwenda alivyopiga, sauti kwa sauti. Kazi nzuri, siikatai. Lakini nani ameandika yale yanayosemwa mu lupango, jioni, redio inapopiga Mwenda, Masengo ao Losta Abelo? Pale njo wazee wanashindana: nyuzi zilifungwa namna gani, chupa ilipigwa na nani, neno lile ni Kisanga ao Kibemba, mwanamuke anayelaumiwa mu wimbo alikuwa muke wa nani. Mumoja anaimba, mwenzake anamukatiza: "Hapana, haikuwa vile!" Ile "hapana" ni elimu. Inatuonyesha wimbo ulisikilizwa na nani, mu kazi gani, mu kartie gani. Mashine ya Tracey haikushika ile.

Sasa vijana wetu wamewarekodi wazee mu telefone. Vizuri sana. Kinachonitisha ni njia ambayo wakubwa wanataka kuyapitisha: kugeuza yote mu Kifaransa ao mu Kiswahili cha Dar es Salaam, kuondoa mabishano, kuunganisha sauti kumi zikuwe moja, kisha kuweka jina la profesa ku kifuniko. Ile haiko kuhifadhi. Ile ni kunyanganya.

Watasema Kiswahili chetu hakiandikiki. Si kweli. Mu 1965 André Yav aliandika Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, kwa ajili ya chama cha maboyi wa zamani, mu Kiswahili cha hapa hapa. Johannes Fabian alipokitoa mu 1990, alichapa maneno yenyewe pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kilikuwa kigumu kusoma, mpaka Kalundi Mango aliposoma kwa sauti, masikio yakaelewa pale macho yalishindwa. (Ninyi walimu wenzangu munaopiga watoto bic nyekundu kwa sababu ya "njo", mufikiri kidogo.)

Kinyume chake ni mazungumzo ya Fabian na mupaka rangi Tshibumba Kanda Matulu, ya mwaka 1973 na 1974. Yalitoka mu 1996 kama kitabu kikubwa, mu Kiingereza. Mutoto wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, atafanya nini nacho? Anayesema ni mutu wetu, anayesoma ni mutu wa mbali.

Wengine wanasema wazee wanadanganya. Wanadanganya, ndiyo! Kama wawili hawapatane juu ya gitare ya pili, tuandike majibu yote mawili, na jina la kila mumoja, tarehe, na mahali. Maneno yanayorudiliwa mara tano, kukata haina mbaya. Hakuna anayetaka kusoma kukohoa kwa mutu. Lakini jibu la Petro tusilitie mu kinywa cha Yohani. Na mbele ya kuchapa, turudi kwao, tuwasomee kwa sauti, kila mutu aseme kama anakubali. Asiyekubali, maneno yake yanabaki inje. Franga zitakazotoka zigawanywe nao pia. Hii njo kamati haipendi kusikia.

Tangu rumba iingizwe ku liste ya UNESCO mu Desemba 2021, kila mukutano unazungumuzia Kinshasa na Brazzaville. Ni haki yao. Lakini gitare ya Likasi na Bunkeya hatuwezi kuingoja mu kivuli cha wengine. Aliyekuwa na miaka 15 pale Tracey alipofika sasa anakaribia 90, na Mwenda mwenyewe alikufa mu 1990. Kamati inasema tungoje mufazili wa Ulaya. Nyumba za kuchapa ziko hapa mujini. Kitabu cha kurasa 100, karatasi ya kawaida, kila mwanachama achange: mimi liste niko nayo, na jina langu ni la kwanza.