Chaza Naye ni Mfugo

Ndugu msomaji wa pwani, wewe uliyeanza kufuga chaza na kombe penye mikoko, nina neno nawe. Nikisema ng'ombe au punda atunzwe vyema, hakuna anayenicheka. Nikimtaja chaza, watu huuliza, "Je, jiwe lile nalo huona uchungu?"

Si jiwe. Chaza ana moyo, ana matamvua ya kupumulia, na ana msuli wenye nguvu wa kufungia gamba. Kichwa hana wala ubongo. Anayo mafundo machache tu ya mishipa ya fahamu. Hata hivyo, kivuli kikimpitia hufumba mara. Na jamaa yake mmoja, yule kombe aogeleaye kwa kupigapiga magamba, aweza kuwa na macho madogo hata 200.

Kama huona maumivu, wataalamu hawajapatana. Huko Uingereza, sheria ya mwaka wa 2022 iliwahesabu kaa, kamba na pweza kuwa wanyama wenye hisia. Chaza na kombe waliachwa nje. Nami sitakudanganya kwamba chaza hulia kama mbuzi. Lakini ikiwa kumhurumia hakukugharimu ila gunia lililoloweshwa, sioni sababu ya kungojea wataalamu wamalize maneno yao.

Tena mfikirie mfugo huyu. Ng'ombe akichomwa na jua hukimbilia kivulini. Chaza hana pa kwenda. Hufumba tu, akaishi kwa maji kidogo aliyoyafungia ndani. Ukimwaga mchangani saa sita ya mchana, maji yale hupata moto, naye hulegea na gamba huachama. Ukimtia katika ndoo ya maji ya mvua ukidhani wamburudisha, wamuua, kwa maana maji yake ni ya chumvi. Mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa nao humnyima pumzi.

Na hapa fedha pia zimo. Chaza aliyekufa huoza upesi, na mteja akiumwa tumbo, mama wa sokoni ndiye hulaumiwa, naye hatanunua kwako tena. Basi vuna wale wanaohitajiwa siku hiyo tu. Waweke kivulini, chini ya gunia lililoloweshwa kwa maji ya bahari, wala usiwatupe kikapuni kama kokoto. Usikate mzizi wa mkoko kwa ajili ya chaza watatu. Watoto wa chaza hushika papo hapo.

Wako wanaowatia katika maji baridi kisha wakawasha moto polepole. Desturi hiyo siipendi hata kidogo. Maji yachemke kwanza sana, ndipo uwatie wachache wachache, wafe mara moja. Na yule aliyeachama kabla ya kupikwa, mgonge kwa kidole, asipofumba, mtupe.