Manispaa Yenu Inamwaga Choo Wapi?

Wasee, leo tubonge kuhusu kitu hakuna mwanasiasa huweka kwa bango: choo kikijaa, huo uchafu unaenda wapi?

Kwa miji mingi midogo ya shags iko hivi. Mwenye ploti anaita eksosta, lile lori la kunyonya choo. Analipa, lori linaenda, ploti inabaki fiti. Halafu? Kama hakuna kituo cha kusafisha maji taka karibu, dereva hana pa kumwaga. Kwenda mji mwingine ni mafuta, na mafuta ni doo. Basi anangoja giza, anatafuta mto ama mtaro. Asubuhi kuna mama anateka maji hapo chini, na msee mwingine ananyunyizia sukuma wiki. Hiyo sukuma inarudi sokoni, na ni sisi tunainunua. Kipindupindu kikiingia, tunaambiwa tunawe mikono.

Na tunaitwa manispaa! Sheria ya miji iliyorekebishwa 2019 inataka mji uwe na angalau watu 50,000. Watu 50,000, kila mtu, kila siku. Mna bodi, mna ofisi, mna taa za barabarani, lakini hamna hata mahali pamoja halali pa kumwaga choo. Hiyo si manispaa, hiyo ni senta yenye jina kubwa.

Najua watasema nini: "Mabomba ni ghali, tungoje mfadhili." Zi! Hapo ndipo wanatucheza. Kwa sensa ya 2019, ni karibu familia 1 kati ya 10 Kenya nzima inayotumia bomba la maji taka. Wengine wetu ni choo cha shimo. Kungoja bomba lifike kila mtaa ni kungoja milele. Kitu mji mdogo unahitaji kwanza ni mahali pa lori kumwaga.

Mimi niliacha chuo, lakini hii haihitaji digrii. Unachimba mabwawa yanayofuatana. La kwanza lina kina, uchafu mzito unatua chini na bakteria wanaula. La pili, mwani na jua wanaingiza oksijeni. La mwisho, jua linaua vijidudu. Ukipata mteremko mzuri, maji yanajisukuma yenyewe bila stima. Si mambo ya Ulaya: kituo kikubwa cha Nairobi kule Ruai kinatumia mabwawa hivyo hivyo. Na ule uchafu mzito ni mali. Naivasha, Sanivation wanaugeuza kuwa kuni. Nakuru, Nawasscoal wanatengeneza makaa. Hizo ni kazi, na vijana wetu wamekaa tu kwa steji.

Kwa hivyo shida si akili, na si pesa peke yake. Shida ni kwamba bwawa la choo halina picha nzuri ya kukata utepe. Geti la kuingia mjini linayo.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inakupa haki ya usafi, na kazi hiyo iko kwa kaunti. Bajeti ya kaunti inafaa kufika bungeni kabla ya Aprili 30. Wakiita kikao cha maoni ya umma, usiwaachie wazee wa soda na mandazi. Ingia, shika maiki, uliza kwa Kiswahili safi: lori linamwaga wapi? Na usikae chini mpaka wataje shamba, pesa na mwaka.