Mtoto Si Mzigo wa Kupakia Basi Usiku

Leo sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Jumanne ndugu mmoja wa hapa Kayole alinijia akitaka nimwombee safari. Safari gani? Amtoe binti yake shuleni saa sita mchana, wapande basi la usiku, asubuhi wafike Busia, wavuke kwa jamaa zake Uganda. Na mamake mtoto? "Pasta, atajua baadaye."

Sikuomba.

Wewe unaiita safari, mimi nauita wizi. Usiniambie ni damu yako. Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, inasema malezi ni jukumu la baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawajaoana. Haikusema ni la yule aliyewahi stejini.

Na sisi kanisa tuna hatia. Mtu akigombana na mkewe tunamwita huyo mama Yezebeli, tunasema ni vita vya kiroho, tunachanga nauli. Nyanya ushago anafundishwa kusema hajawaona. Mama wa maombi, yuadanganya! Halafu Jumapili tunaimba.

Someni 1 Wafalme 3. Upanga ulipoletwa mbele ya Sulemani, aliyekubali mtoto akatwe hakuwa mamake. Mama halisi alikuwa tayari kushindwa kesi, mradi mtoto abaki mzima. Siku hizi wazazi wote wawili wanavuta, kila mmoja mkono wake, na wote ni washirika wangu.

Najua wapo wanaokimbia kipigo. Dada, wewe sikulaumu. Toka na watoto hata usiku wa leo. Lakini usiishie kujificha: andikisha OB polisi, mwone afisa wa watoto, uombe korti ya watoto ikupe amri ya malezi. Piga 116, ni bure. Ukinyamaza, yule anayekupiga ndiye atakayekwenda kukuita mwizi.

Ndugu wa Jumanne, sijakutaja jina, na najua unasoma hapa. Mpigie mama mtoto. Kaeni mbele ya afisa wa watoto, mwandike makubaliano: nani anakaa naye, nani analipa karo, wikendi ni ya nani. Mkitaka kuanzia kwangu, niko kanisani leo hadi saa mbili usiku. Mje wawili. Mtoto mwacheni alale.