Bibi Hakusema Hivyo

Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa ustawi wa jamii hapa Tanzania hutawanywa kwenda fildi. Wengine hupangiwa ofisi za halmashauri, wengine hospitali, wengine makao ya watoto, wengine dawati la jinsia na watoto la polisi. Kwa wiki kadhaa wanakaa mbele ya watu wenye shida na kuwasikiliza kwa Kiswahili. Jioni wanarudi geto, wanafungua kompyuta, na kuandika kila walichosikia kwa Kiingereza. Kwa maandishi hayo wanapewa maksi, na kwa maksi hizo baadaye wanaitwa maafisa.

Mimi ni mmoja wao. Fildi yangu ya mwisho nimeimaliza mwaka huu katika ofisi ya ustawi ya halmashauri moja, nikiwa na msimamizi wa ofisini na msimamizi wa chuo aliyekuja kunitembelea mara mbili. Sina ugomvi na kazi yenyewe. Ugomvi wangu ni na ripoti. Nasema hivi: kumlazimisha mwanafunzi aandike kwa Kiingereza maneno aliyoambiwa kwa Kiswahili ni kumfundisha kusema uongo kwa adabu, na taaluma inayojisifu kwa kusikiliza haina haki ya kufanya hivyo.

Kwa asiyejua mambo yetu, nieleze kidogo. Kati ya vitu tunavyotakiwa kuwasilisha kuna taarifa ya mazungumzo. Ni zoezi la zamani katika taaluma hii, na ni zuri. Unaigawa karatasi safu. Safu ya kwanza unaandika mazungumzo neno kwa neno: mteja alisema nini, wewe ulijibu nini, alinyamaza wapi. Safu ya pili unaandika wewe mwenyewe ulikuwa unajisikiaje. Safu ya mwisho unamwachia msimamizi maoni yake. Lengo ni msimamizi aone pale ulipomkatiza mtu, pale ulipokimbilia kutoa ushauri kabla ya wakati, pale alipokudokeza siri na wewe ukaipita kama hukuisikia. Zoezi zima linasimama juu ya maneno hayo matatu, neno kwa neno.

Sasa niambieni, ni neno la nani?

Bibi mmoja alikuja ofisini na mjukuu wake wa miaka 12. Mambo kadhaa nimeyabadilisha ili asitambulike. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kimya kitambo, kisha akasema: “Mwanangu, huyu mtoto amenishinda.” Nikaandika hivyo hivyo kwenye safu ya kwanza, na chini yake nikaweka maelezo ya Kiingereza. Karatasi ilirudi na wino mwekundu. Kiswahili kimekatwa, pembeni pana ukumbusho kwamba lugha ya ripoti ni Kiingereza, na chini yake pendekezo la namna ya kuiandika vizuri sentensi ile: kwamba bibi ameshindwa kumdhibiti mtoto na anaonyesha dalili za kumkataa. Maksi zikapungua.

Bibi hakusema hivyo. Mtu yeyote aliyelelewa kwa Kiswahili analijua neno “amenishinda”. Ni neno la mtu ambaye bado yumo kwenye mapambano, hata kama amelemewa. Anakiri uchovu bila kumtupa mtoto. Bibi anayesema mtoto amemshinda ndiye huyo huyo atakayeamka kesho kumkorogea uji. Tena alianza na “mwanangu”. Kabla hajaomba msaada wowote alikuwa ameshaniweka, mimi kijana wa fildi, kwenye nafasi ya mtoto wake, na akaujenga mwenyewe ule uhusiano ambao darasani tunaambiwa sisi ndio wa kuujenga. Kwenye Kiingereza “mwanangu” lilionekana halina kazi, likaondolewa. Afisa mwingine akilisoma faili lenye sentensi ile iliyopendekezwa, mtoto anaweza kuondolewa kwa bibi yake. Kwa neno moja, jamani.

Chukua neno jingine: matunzo. Kesi nyingi nilizozikuta pale ofisini zilikuwa za matunzo ya watoto. Ndiyo maana mtaani “nitakupeleka ustawi” ni tishio ambalo kila mwanamume analielewa. Lakini mama anapolalamika kwamba baba wa mtoto hatoi matunzo, hazungumzii hela peke yake. Kutunza ni kitenzi kipana. Anasema baba haji kumwona mtoto, hajui mtoto yuko darasa la ngapi, hakupiga hata simu mtoto alipolazwa. Kiingereza cha ripoti kina neno lake la kisheria kwa jambo hili, na neno hilo linaishia kwenye pesa za kila mwezi. Ukishaliandika, maswali yako yote yanalifuata: baba anapata kiasi gani, ana watoto wangapi, atatoa shilingi ngapi. Baba anakubali kulipa, faili linafungwa, ripoti inasifiwa kwa kuonyesha matokeo. Mtoto bado hajamwona baba yake.

Halafu kuna maneno ambayo kuyakosea ni hatari kabisa. Mtoto aliyebakwa mara nyingi hasemi kwamba amebakwa. Atasema fulani “alinifanyia tabia mbaya”. Mahakama zetu zimeshakutana na kauli za namna hii, na Mahakama ya Rufani imewahi kueleza kwamba shahidi anaweza kulazimika kutumia tafsida kwa sababu ya malezi, utamaduni au umri wake, bila kauli yake kupoteza maana. Sasa mpe maneno hayo mwanafunzi mwenye haraka, saa nne za usiku, na ripoti ni ya kukabidhiwa kesho. Ataandika kwa Kiingereza kwamba mtuhumiwa alikuwa na mwenendo usiofaa mbele ya mtoto. Tuhuma ya jinai imegeuka lalamiko la adabu. Mwenzake aliye makini zaidi ataandika moja kwa moja kwamba mtoto amesema amebakwa. Huyo naye ameweka kinywani mwa mtoto neno ambalo hakulitamka, na wakili wa utetezi akiliona atauliza: mbona hapa mahakamani hulisemi?

Njia ya salama ni moja tu, kuandika alichosema mtoto kama alivyokisema, kisha ueleze ulivyomwelewa na kwa nini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Tunaikariri sheria hii kwa ajili ya mtihani. Kisha tunaingia fildi na kuyabadilisha maoni ya mtoto hata kabla hayajafika kwa mtu wa kuyasikiliza.

Tena mahakama yenyewe imetutangulia. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya mahakama, Kiingereza kikibakizwa kwa mazingira maalumu. Afisa ustawi wa jamii anapopeleka taarifa ya uchunguzi kwenye mahakama ya watoto, anakwenda mahali ambapo hakimu, mzazi na mtoto wote wanazungumza Kiswahili. Chuo kinamwandaa kwa chumba ambacho hakipo.

Najua majibu yanayokuja, nimeyasikia koridoni.

La kwanza ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za taaluma. Anayesema hivi aende akakae ofisi yoyote ya ustawi asubuhi moja. Atasikia kuasili, malezi ya kambo, walezi wa kuaminika, mahabusu ya watoto, shule ya maadilisho, ukatili wa kijinsia, manusura, rufaa, usiri, unasihi, matunzo, utelekezaji. Maneno haya yanafanya kazi kila siku, yamo kwenye fomu, na watu wanaelewana. Yametungwa na kukomazwa na watendaji ambao hawakuwa na muda wa kungoja chuo kikubaliane nayo. Kinachokosekana ni waandishi wa vitabu vya kufundishia, na waandishi hao watatoka wapi ikiwa tunamkataza mwanafunzi kuandika hata kurasa 40 za ripoti kwa Kiswahili?

La pili ni kwamba taaluma hii ni ya dunia nzima, na lugha ya dunia ni Kiingereza. Sawa, tuiangalie hiyo dunia. Tafsiri rasmi ya kazi ya ustawi wa jamii iliyopitishwa kimataifa mwaka 2014 huko Melbourne inataja wazi maarifa ya wenyeji kama moja ya misingi ya taaluma. Hull House, nyumba ambayo Jane Addams na Ellen Gates Starr waliifungua Chicago mwaka 1889 na ambayo tunafundishwa kuihusudu, ilikuwa katikati ya mtaa wa wahamiaji waliokuwa na lugha zao wenyewe. Na kanuni saba za Felix Biestek za mwaka 1957, ambazo kila mwanafunzi wa ustawi anazijua kama shairi, zinaanza na kumchukulia kila mtu kama mtu wa pekee, na inayofuata ni kumwachia aeleze hisia zake. Mtu huwa wa pekee kwa maneno yake. Ukimvua hayo, unabaki na aina ya kesi.

La tatu ndilo ninaloliheshimu. Linasema: wewe unatetea Kiswahili, lakini si kila Mtanzania anakiongea nyumbani. Mzee wa Kisukuma aliyekuja na jirani wa kumtafsiria, huoni kwamba Kiswahili kwake ni kama Kiingereza kwako? Naona. Hoja hii inanitia nguvu zaidi. Kwa utaratibu wa sasa maneno ya mzee huyo yanatafsiriwa mara mbili: jirani anayatoa Kisukuma kuyaleta Kiswahili, mwanafunzi anayatoa Kiswahili kuyapeleka Kiingereza, na ripoti haitaji hata mara moja kwamba kulikuwa na mkalimani. Msomaji anadhani mzee na mwanafunzi walikaa wakaongea kama watu wawili sebuleni London. Ninachodai kinamhusu mzee huyu kuliko mtu yeyote. Iandikwe kwamba alizungumza Kisukuma, iandikwe nani alitafsiri na ana uhusiano gani naye, na yale maneno yake mazito yaandikwe kama alivyoyatamka.

Wasomaji wa fasihi mnaweza kuuliza haya yanawahusu nini. Yanawahusu sana. Ripoti ya kesi ni masimulizi. Ina mhusika, ina mgogoro, ina mtu anayesimulia na ambaye ana mamlaka juu ya mwisho wake. Na Kiswahili kimekwisha kuonyesha kwamba kinaweza kusimulia mateso ya familia bila kuyapunguza wala kuyatia chumvi. Someni tena Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku mashuleni kwa muda. Baba mlevi, mama anayevumilia, binti anayelindwa kwa fimbo mpaka hajui kujilinda mwenyewe, shule inayomwachia aangamie. Kila afisa ustawi ameshaikuta familia ile, ikiwa na majina mengine. Kezilahabi aliandika uhusiano wa baba na binti kwa lugha ya nyumba ile, nasi tukaona ukali ulipogeuka madhara. Mwanafunzi wa ustawi akipeleka leo chuoni familia hiyo hiyo, kwa lugha hiyo hiyo, atapewa sifuri kwa kukiuka mwongozo wa uandishi.

Wengine watasema tungoje sera. Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari mwaka 1982, na pendekezo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilisema Kiswahili kitatumika katika ngazi zote. Mimi nimesoma na kumaliza, na wino mwekundu bado uko pale pale. Kwa hiyo sidai sera. Nadai mambo ambayo idara yoyote inaweza kuyapitisha kwenye kikao kimoja cha asubuhi.

Kwanza, taarifa ya mazungumzo iandikwe kwa lugha ambayo mazungumzo yalifanyika, bila hiari wala mjadala. Likiwa zoezi la neno kwa neno, liwe kweli. Pili, daftari la kila siku la fildi liandikwe kwa Kiswahili, ili msimamizi wa ofisini, anayefanya kazi kwa Kiswahili, asiwe anasaini kurasa zilizoandikwa kwa ajili ya mtu mwingine. Tatu, ripoti ya mwisho mwanafunzi achague lugha, na akichagua Kiswahili aweke muhtasari wa Kiingereza wa kurasa mbili kwa mtahini atakayeuhitaji. Nne, popote palipokuwa na mkalimani, atajwe.

Na wenzangu mnaoanza fildi, msikubali kirahisi. Andikeni maneno ya mteja kama alivyoyasema, hata kama ni kwa penseli pembeni ya ukurasa, hata kama maksi zitapungua mbili tatu. Mtu anayesimamia ripoti yako ana nakala ya mwongozo mezani kwake. Bibi aliyekaa mbele yako hana nakala ya chochote, na akitoka pale ofisini, alichosema kitabaki tu kama wewe umekiandika.