Mapango ya Amboni: Mgeni Aingie kwa Adabu

Mapango ya Amboni, karibu na mji wa Tanga, hupokea wanafunzi wengi wanaokwenda kutalii. Ziara hizo ni jambo jema. Lakini mgeni akionyeshwa tu mawe yanayofanana na mamba au kochi, hutoka asijue yalivyofanyika, na asiyejua huharibu.

Mawe ya chokaa ya Amboni yalifanyika chini ya bahari katika zama za Jurasi, zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Maji ya mvua hupenya udongoni, huchukua kaboni dioksaidi na kuwa asidi hafifu inayoyeyusha chokaa. Tone lifikapo kwenye dari ya pango huiachia hewa hiyo, na chembe ya chokaa hubaki pale. Hivyo ndivyo nguzo za mawe zinavyoota. Zikiota kwa sehemu moja ya kumi ya milimita kwa mwaka, sentimita 10 huhitaji miaka 1,000. Mkono wa mtoto huzivunja mara moja.

Hata asiyevunja huacha madhara. Mafuta ya ngozi huzuia chokaa kushikamana, moshi wa mienge hutia masizi, na makelele huwasumbua popo. Pango la Lascaux nchini Ufaransa, lenye michoro ya watu wa kale, lilifunguliwa kwa watalii mwaka 1948. Kufikia 1955 watu 1,200 hivi waliingia kila siku. Pumzi zao zikaongeza joto, unyevu na kaboni dioksaidi, na mwani ukaota ukutani. Mwaka 1963 likafungwa kwa umma.

Yafaa basi ziara ianzie darasani. Mwanafunzi apulize pumzi kwa mrija ndani ya maji ya chokaa, akijihadhari asiyameze. Maji yatageuka meupe. Akizidi kupuliza, yatarudi kuwa maangavu. Mwalimu akiyachemsha, weupe utatokea tena. Kazi ya pango lote imo katika glasi hiyo.

Kisha waingie wachache wachache, kwa tochi, bila kugusa kuta. Wapo watakaosema kwamba vikundi vidogo hupunguza mapato ya kiingilio. Mapato yaliyopungua mwaka huu huweza kufidiwa mwaka ujao. Nguzo iliyovunjika haitarudi katika maisha ya mwanafunzi yeyote, wala ya wajukuu zake.