Kizunguzungu kipimwe kitandani kabla ya kukimbilia mashine

Kuna mgonjwa ambaye karibu kila mtoa huduma wa afya anamfahamu kwa sura, ingawa ugonjwa wake haujawahi kupewa jina. Anakuja akilalamika kwamba chumba kinamzunguka, au kichwa kimekuwa chepesi, au akitembea anahisi kama ardhi inabonyea. Anapimwa malaria, hana. Anapimwa mkojo, anaambiwa ana UTI kidogo. Anapimwa damu, anaambiwa taifodi. Presha ikikutwa imepanda anaanzishiwa dawa, ikikutwa iko sawa anaambiwa apunguze mawazo. Anaondoka na mfuko wa vidonge, na baada ya wiki chache yuko tena kwenye foleni. Mwenye uwezo hufika mpaka kwenye CT scan au MRI, analipa mamia ya maelfu ya shilingi, na majibu yanasema kichwa hakina tatizo. Habari hiyo njema inamwacha pabaya zaidi, kwa sababu sasa hata nyumbani wanaanza kuona anajiendekeza, na wasiosema hivyo wanamshauri akaombewe au atafutiwe mganga.

Maelezo yanayozoeleka ni kwamba nchi yetu, Tanzania, haina mashine za kutosha wala mabingwa wa kutosha. Mabingwa kweli ni wachache, na mashine nyingi ziko kwenye miji mikubwa. Lakini maelezo hayo yanaficha jambo muhimu zaidi: sehemu kubwa ya mateso ya watu hawa inatokana na mambo mawili ya bei ndogo yasiyofanyika, yaani kuulizwa vizuri na kupimwa kwa mikono. Ujerumani ni ushahidi mzuri, maana huko hakuna anayeweza kusingizia uhaba wa mashine. Utafiti uliofanywa kwa wananchi wa kawaida nchini humo na kuchapishwa mwaka 2007 uliangalia aina moja ya kizunguzungu, ile inayotokana na kuhama kwa chembe ndani ya sikio. Wengi wa waliowahi kuipata walikwenda kwa daktari au walilazimika kuacha kazi na shughuli zao. Waliopata tiba inayofaa walikuwa asilimia 8 tu. Kama nchi iliyojaa MRI inaweza kuwakosa wagonjwa kiasi hicho, basi kununua MRI peke yake hakutatuokoa sisi.

Aina hiyo inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya kizunguzungu cha kuzunguka na ndiyo rahisi kuliko zote kutibika. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo cha mizani chenye mifereji mitatu iliyojaa majimaji, na jirani yake kuna vijifuko vyenye fuwele ndogo mno za chokaa. Kwa sababu ya umri, kuumia kichwa, au bila sababu inayojulikana, fuwele hizo hubanduka na kuingia kwenye mfereji mmojawapo. Tangu hapo, kila mtu huyo anapogeuka kitandani, anapoinua kichwa kuchukua kitu juu ya kabati au anapoinama kufua, fuwele zinasukuma majimaji na ubongo unapewa taarifa ya uongo kwamba mwili unazunguka. Dhoruba hiyo haimalizi hata dakika moja, lakini inatisha kiasi kwamba wengine huanza kulala wamekaa. Ukimpima damu, mkojo na kichwa kizima kwa MRI hutaona kitu, kwa sababu hakuna kipimo kati ya hivyo kinachoweza kuonyesha fuwele hizo.

Kinachoonyesha ni kitanda na macho ya mpimaji. Mgonjwa anakaa kitandani, kichwa kinageuzwa nyuzi 45 upande mmoja, kisha analazwa chali kwa haraka mpaka kichwa kining'inie kidogo nje ya ukingo wa kitanda. Mpimaji anamtazama machoni. Kama fuwele zimehama upande huo, baada ya sekunde chache macho yanaanza kurukaruka huku yakijizungusha, kisha yanatulia yenyewe. Kipimo hicho kilielezwa na Margaret Dix na Charles Hallpike jijini London mwaka 1952. Tiba yake ilichapishwa mwaka 1992 na daktari wa Marekani, John Epley, ambaye kwa miaka mingi wenzake hawakumwamini: kichwa cha mgonjwa kinageuzwa hatua kwa hatua katika mikao michache, kila mkao kwa nusu dakika hadi dakika moja, hadi fuwele zirudi zilikotoka. Kwa walio wengi, mara moja au chache zinatosha. Haitumiki sindano wala umeme, na tabibu wa zahanati anaweza kufundishwa.

Si kila kizunguzungu ni cha fuwele, na hapo ndipo maswali yanapohitajika. Maswali manne yanatosha kuanzia: kinadumu muda gani, kinaanzishwa na nini, kinaambatana na nini, na mgonjwa anatumia dawa gani. Kinachodumu sekunde akigeuza kichwa kinaelekeza kwenye fuwele. Kinachodumu kuanzia dakika ishirini hadi saa kadhaa, sikio likivuma na kuziba, kinaelekeza kwenye ugonjwa wa Ménière, uliojulikana tangu 1861. Kinachokuja kwa mtu mwenye historia ya kipandauso, akichukia mwanga na kelele, huenda ni kipandauso chenyewe kilichovaa sura nyingine. Kinachomkumba mtu ghafla na kumwangusha siku kadhaa mfululizo kinaweza kuwa kuvimba kwa neva ya mizani, au kiharusi. Na yule anayeona giza akisimama anahitaji kupimwa presha akiwa amelala, kisha ndani ya dakika tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, jibu limepatikana. Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, wingi wa damu nao usisahaulike, maana tafiti za kitaifa za Tanzania zimeonyesha kwamba zaidi ya wanawake wanne kati ya kumi wa umri huo wana upungufu wa damu.

Swali la dawa ndilo linalorukwa zaidi, na hasara yake ni kubwa. Mzee mwenye presha aliyeongezewa vidonge kwa sababu analalamika kizunguzungu anaweza kuwa anaangushwa na vidonge vyenyewe. Presha ya kupanda kwa kawaida haina dalili, hivyo kuibebesha kila kizunguzungu ni kubahatisha. Jentamisini na streptomisini, dawa za sindano ambazo zimeokoa maisha ya wengi, zinaweza kuua seli za mizani zisizoota tena. Aliyeathirika hivyo hasikii kuzunguka. Anayumba gizani, na akitembea anaona barabara na mabango yakirukaruka. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba sindano za kanamisini na kapreomisini hazipendekezwi tena kwa kifua kikuu sugu, na dawa hizo nazo huweza kudhuru masikio. Waliotibiwa nazo kabla ya hapo bado wako kati yetu, na hakuna anayewauliza.

Kuna pia vidonge vya kizunguzungu vyenyewe, kama sinarizini, vinavyouzwa kirahisi kwenye maduka ya dawa. Kwa siku mbili tatu za mwanzo, mtu akitapika na kushindwa kusimama, vinasaidia. Tatizo ni kuvimeza miezi na miaka. Ubongo uliopoteza taarifa sahihi za sikio moja hujifunza upya kwa kutembea na kugeuza kichwa. Dawa inayoulaza inauzuia kujifunza. Kwa wazee, sinarizini ikitumika muda mrefu inaweza kuleta mtetemeko na ukakamavu unaofanana na ugonjwa wa Parkinson. Kwa hiyo mgonjwa anarudi na tatizo la pili alilopewa na tiba ya la kwanza.

Pingamizi zito kuliko yote ni la kiharusi. Daktari atasema: nikimgeuza mtu kichwa na kumrudisha nyumbani, kumbe mshipa wa damu umeziba nyuma ya ubongo, nani atabeba lawama? Hofu hiyo ni ya haki. Anayeona vitu viwili viwili, anayeongea kwa kukokota maneno, aliyelegea upande mmoja, mwenye maumivu mapya makali ya kichwa au asiyeweza kabisa kusimama apelekwe hospitali kubwa bila kuchelewa. Lakini CT scan, mashine tunayoiamini zaidi, ni dhaifu sana kuonyesha kiharusi cha nyuma ya ubongo katika saa za mwanzo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wenye kizunguzungu kisichokatika, uchunguzi wa macho wa hatua tatu unaofanywa kitandani ulikamata viharusi kuliko hata MRI ya mapema. Waliofanya uchunguzi ule walikuwa wabobezi, hivyo sisemi kila zahanati iuige kesho. Ninachosema ni kwamba jibu safi la CT haliwezi kuchukua nafasi ya kumchunguza mgonjwa.

Pingamizi la pili ni foleni. Tabibu mwenye watu wengi nje ya mlango atauliza muda wa maswali manne atautoa wapi. Swali lake ni la kweli, ila hesabu yake ina kasoro. Kipimo cha kitandani na tiba yake vinaweza kumalizika ndani ya dakika kama kumi. Mgonjwa asiyepata dakika hizo hatoweki. Anarudi mara kwa mara, na kila akirudi anachukua nafasi kwenye foleni, kwenye maabara na kwenye dirisha la dawa. Sehemu ya foleni hiyo tunaitengeneza wenyewe.

La tatu husemwa kwa sauti ya chini: kwamba wengi wa watu hawa tatizo lao ni mawazo. Ni kweli kwamba wasiwasi unaweza kuleta kizunguzungu, na kizunguzungu kinaleta wasiwasi. Wataalamu wamekwenda mbele zaidi. Mwaka 2017 Jumuiya ya Bárány, inayowaunganisha watafiti wa mizani ya mwili duniani, ilichapisha vigezo vya ugonjwa ambao mtu anayumba karibu kila siku kwa miezi mitatu au zaidi, na hali inazidi akisimama, akitembea, au akiwa sehemu yenye vitu vingi vinavyopitapita machoni, kama sokoni au stendi ya mabasi. Mara nyingi huanza baada ya shambulio la sikio lililokwisha pona, ubongo ukabaki kwenye tahadhari. Una tiba: mazoezi maalumu ya mizani, ushauri wa kisaikolojia, na dawa za kutibu sonona na wasiwasi kwa wanaozihitaji. Kumwambia mtu kama huyo apunguze mawazo bila kumpa hata kimoja kati ya hivyo ni kumfukuza kwa adabu.

Wagonjwa nao wana sehemu yao. Wengi wetu hupima ubora wa hospitali kwa wingi wa vipimo na dripu, na daktari anayeuliza sana tunamwona hajui kazi. Mwenye kizunguzungu akiandika kwenye daftari saa kilipoanza, kilidumu kiasi gani, alikuwa akifanya nini na amemeza dawa zipi, atamsaidia daktari wake kuliko bahasha ya picha za kichwa. Lakini wajibu mkubwa uko kwa wanaopanga huduma. Vyuo vinavyofundisha matabibu visimpe mwanafunzi cheti kabla hajafanya kipimo cha kitandani na tiba yake kwa mikono yake mwenyewe. Kila kituo cha afya kiwe na angalau mtu mmoja anayeviweza. Na kwa kuwa Tanzania imepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, mazoezi ya mizani kwa mtaalamu wa fiziotherapia yalipiwe kama vidonge vinavyolipiwa. Kwa yule asiye na dalili za hatari nilizozitaja, kanuni iwe moja: rufaa ya CT scan isiandikwe mpaka faili lionyeshe majibu ya maswali manne, presha ya kulala na ya kusimama, na matokeo ya kipimo cha kitandani. Kanuni hiyo haihitaji bajeti mpya ya vifaa, na inaweza kuanza kutumika kwenye hospitali yoyote ambayo mganga mfawidhi wake ataamua.